Mlio wa Sekunde Nne

Tarehe 3 Septemba 1974, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa ikishuka kwenda kutua Embakasi, Nairobi. Mwongoza ndege aliipa ruhusa ya kushuka hadi futi 7,500. Tarakimu zilisemwa mojamoja redioni: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Wakapanga futi 5,000 kwenye kifaa cha kimo, wakaendelea kushuka. Uwanja wa Embakasi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege inayoshuka hadi futi 5,000 pale inashuka chini ya ardhi.

Kosa lilipita redioni bila kukamatwa. Marubani walipoiona ardhi mbele yao waliinua pua ya ndege, na kwa mahesabu yaliyofanywa baadaye ilikuwa imebaki kama futi 70 tu. Walizunguka, wakatua salama. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, tukio hilo halitajwi sana, hata Kenya kwenyewe. Mimi naliweka mwanzo kwa makusudi. Yote yaliyokuja kuua mamia ya watu katika miaka 16 iliyofuata yalikuwa yamekwisha kujionyesha Nairobi siku ile: tarakimu iliyosikika vibaya, marubani wawili wenye uzoefu waliosikia kosa lile lile kwa pamoja, na mazungumzo yaliyoisha huku kila upande ukiamini umeelewana na mwenzake.

Miaka miwili na nusu baadaye, Jumapili ya tarehe 27 Machi 1977, bomu lililotegwa na kikundi kilichodai uhuru wa Visiwa vya Canary lililipuka ndani ya jengo la abiria la uwanja wa Gando, kisiwani Gran Canaria. Likaja tishio la bomu la pili. Uwanja ukafungwa, na ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa kisiwa cha jirani, Tenerife, kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos. Uwanja huo ulikuwa na njia moja tu ya kurukia, na siku hiyo waongoza ndege wawili tu walikuwa zamu. Hapakuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini. Ukiwa ndani ya mnara, uliiona ndege kwa macho, na yasipoiona ulitegemea maneno ya rubani.

Ndege zikajazana hadi zikafunga njia ya pembeni ambayo kwa kawaida hutumika kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia. Miongoni mwao zilikuwamo Boeing 747 mbili. Ya kwanza ni KLM 4805 kutoka Amsterdam. Nahodha wake, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747 katika KLM, na picha yake ilitumika kwenye matangazo ya kampuni. Ya pili ni Pan Am 1736, iliyotoka Los Angeles kupitia New York chini ya nahodha Victor Grubbs. Gando ilipofunguliwa tena, Pan Am ilikuwa tayari kuondoka, lakini KLM ilikuwa mbele yake ikijaza mafuta, lita 55,500, na nafasi ya kuipita haikutosha kwa mita chache tu. Wamarekani wakangoja. Waholanzi nao walikuwa na lao la kuwahangaisha: sheria mpya ya nchi yao ilibana saa za kazi za marubani, na wakichelewa zaidi wangelazimika kulala Tenerife na abiria zaidi ya mia mbili.

Los Rodeos uko mita 633 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima. Ukungu unaofunika uwanja huo mara nyingi ni wingu lenyewe linalopita chini chini, kwa hiyo hali hubadilika kwa dakika: sasa hivi unaona mbali, mara huoni kitu. Alasiri ile wingu lilikuja. Kutoka mnarani njia ya kurukia haikuonekana tena, na wala ndege moja haikuiona nyingine.

Njia ya pembeni ikiwa imeziba, mnara uliiagiza KLM itembee juu ya njia ya kurukia yenyewe hadi mwisho, igeuke, isubiri. Pan Am iliambiwa iifuate nyuma na kutoka kwenye mchepuko wa tatu upande wa kushoto. Hapo likazuka swali. Marubani wa Pan Am hawakuwa na hakika kama wameambiwa wa kwanza au wa tatu, wakauliza tena. Mwongoza ndege akawahesabia: moja, mbili, tatu, wa tatu. Kuuliza huko kulikuwa sahihi kabisa, lakini hakukumaliza utata. Mchepuko wa tatu ulidai ndege kubwa kiasi kile ipinde digrii 148, karibu kurudi ilikotoka, ilhali wa nne ulipinda digrii 35 tu. Kwa rubani wa 747 agizo hilo halikuingia akilini. Ndani ya ukungu, bila alama za kuonekana vizuri, Pan Am ikaupita mchepuko wa tatu na kuendelea polepole kuelekea wa nne. Ilikuwa bado juu ya njia ya kurukia.

Mwisho wa njia KLM ilikuwa imekwisha kugeuka. Veldhuyzen akasukuma injini. Rubani msaidizi, Klaas Meurs, akamwambia kwamba bado hawajapewa ruhusa. Nahodha akajibu kwamba analijua hilo, na akamwambia aiombe. Meurs akaomba vibali viwili katika sentensi moja: cha kuruka, na cha njia watakayoifuata wakishakuwa angani. Mnara ukajibu kimoja tu, cha njia: waelekee wapi, wapande hadi kimo gani, wapinde kulia baada ya kuruka. Hakuna mahali mnara ulipowaambia waruke sasa. Lakini neno la kuruka lilikuwamo katikati ya maelezo hayo, na kwa mtu aliyekwisha kushika usukani, anayetazama saa na wingu, lilitosha.

Meurs alipokuwa bado anarudia maelezo hayo, nahodha alifungua breki. Kinasa sauti kilimsikia akisema kwa Kiholanzi: tunakwenda. Meurs akamalizia kwa haraka, kwa Kiingereza kilichobeba muundo wa Kiholanzi, kwamba sasa wako kwenye kuruka. Sentensi hiyo imejadiliwa sana na wachunguzi. Meurs alimaanisha kwamba wameanza kukimbia kwenye njia. Mnarani ilieleweka kwamba wako mahali pa kurukia, tayari, wanangoja.

Mwongoza ndege akajibu: sawa. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri ruhusa ya kuruka, atawaita. Katika sekunde hizo hizo, wanaume wa Pan Am waliokuwa wakisikiliza waliingiwa na hofu, na rubani msaidizi Robert Bragg akabonyeza redio yake kusema kwamba wao bado wanatembea juu ya njia ya kurukia. Redio za aina ile haziwezi kubeba sauti mbili kwa wakati mmoja kwenye masafa mamoja. Ujumbe wa mnara na ujumbe wa Pan Am zikakutana, na ndani ya KLM likasikika neno sawa, halafu mlio mkali wa karibu sekunde nne. Jumbe mbili ambazo kila moja peke yake ingewaokoa wote zilifutana zenyewe.

Hata hapo nafasi ilikuwa haijakwisha. Mnara uliiambia Pan Am iripoti itakapokuwa imetoka kwenye njia. Pan Am ikajibu kwamba itaripoti ikishatoka. Maneno haya yalisikika wazi ndani ya KLM, na mtu mmoja aliyasikiliza: mhandisi wa ndege Willem Schreuder. Aliuliza kama yule Mmarekani hajatoka. Nahodha akamuuliza amesema nini. Schreuder akarudia swali. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba ametoka, na rubani msaidizi akakubaliana naye. Schreuder hakusema tena.

Nimesoma maelezo ya ajali hii mara nyingi, na kila mara hapo ndipo ninaposimama. Schreuder hakuwa mtoto wa shule. Alikuwa mtu mzima mwenye maelfu ya saa angani, na swali alilouliza ndilo lililopaswa kuulizwa, kwa wakati wake. Alichokosa ni ruhusa isiyoandikwa popote ya kumpinga mara ya tatu mtu anayewatahini marubani wenzake, mtu ambaye sura yake ndiyo tangazo la kampuni.

Saa 11:06 jioni Wamarekani waliona taa za KLM zikija kutoka ndani ya ukungu. Grubbs alijaribu kuitoa ndege yake pembeni kwenye majani. Veldhuyzen alijaribu kuipandisha yake kabla haijapata kasi ya kutosha, hata mkia ukakwaruza lami. Ilinyanyuka, lakini ilikuwa na mzigo wa mafuta yale ya Los Rodeos, na magurudumu na injini zake ziliparua sehemu ya juu ya Pan Am. Ndani ya KLM hakupona hata mmoja kati ya watu 248. Katika Pan Am walikufa 335, wakapona 61, Grubbs na Bragg wakiwa miongoni mwao. Jumla ya waliokufa ni 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyozidi hiyo kwa vifo.

Wachunguzi wa Hispania waliweka uzito kwa nahodha aliyeondoka bila ruhusa. Waholanzi walisisitiza kutoelewana redioni. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema zilichosema, na ninawaelewa zaidi wale waliokataa kuishia kwenye jina la mtu mmoja. Nahodha aliondoka bila ruhusa, hilo halina ubishi. Lakini kati ya kosa lake na vifo vile kulikuwa na mazungumzo mazima ya redio, na mazungumzo yale yalikuwa na nafasi tatu au nne za kulikamata.

Neno ninalolilaumu mimi ni lile sawa la mnara. Mwongoza ndege alilisema kama watu wote wanavyolisema, kwa maana ya nimekusikia. Rubani aliyekuwa akikimbia kwenye njia alilipokea kwa maana ya nimekubali. Baada ya Tenerife kanuni za mazungumzo zilikazwa kwa wino mzito. Neno la kuruka likafungiwa: halitamkwi redioni isipokuwa pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au inapofutwa, na kwingine kote husemwa kuondoka. Maagizo muhimu hayajibiwi kwa sawa. Rubani huyarudia kama alivyoyapokea, na mwongoza ndege ana wajibu wa kuyasikiliza marudio hayo na kuyasahihisha. Mwaka 1979 wataalamu walikutana Marekani chini ya NASA kujadili jinsi watu wanavyosemezana ndani ya chumba cha marubani, na kuanzia miaka ya 1980 mashirika yakaanza kuwafundisha manahodha kusikiliza na wasaidizi wao kusema kwa sauti. Mafunzo hayo yalizaliwa na watu wa aina ya Schreuder, japo wao wenyewe hawakuyaona.

Kanuni ya marudio inategemea masikio ya pande zote mbili, na Malaysia ilionyesha jinsi sikio la pili linavyoweza kulala. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger, 747 tena, ilitoka Singapore kwenda uwanja wa Subang, Kuala Lumpur. Mwongoza ndege aliiambia ishuke mbili, nne, sifuri, sifuri, yaani futi 2,400. Kwa Kiingereza tarakimu ya mbili na kihusishi chenye maana ya hadi hutamkwa sawasawa. Wale marubani wakasikia: shukeni hadi nne, sifuri, sifuri. Wakarudia redioni kwa sauti inayosikika kwamba ni futi 400. Kanuni ilitimizwa, marudio yalitolewa, na mnara haukusema kitu. Chombo cha kuonya ukaribu wa ardhi kililia ndani ya ndege lakini hawakupanda kwa wakati. Waligonga mlima wenye msitu kwenye kimo cha futi zaidi kidogo ya 400 juu ya usawa wa bahari, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa.

Ni kosa la Nairobi lile lile, miaka 15 baadaye, safari hii bila pua ya ndege kuinuliwa kwa wakati. Kwa kanuni za kimataifa zilivyo sasa, kimo chenye mamia na maelfu kamili husemwa kwa maneno hayo hayo, elfu mbili na mia nne, badala ya kupanga tarakimu mojamoja. Anayesikia elfu hawezi kubaki na mia nne peke yake.

Ajali iliyofuata, ya New York, ilikuwa ya namna nyingine, na mimi huiona ndiyo yenye uchungu zaidi kwa sababu hapakuwa na tarakimu iliyopotea wala mlio wa redio. Kila mtu alisikia kila neno. Tarehe 25 Januari 1990, Avianca 52, Boeing 707, ilikuwa ikitoka Bogotá kupitia Medellín kwenda uwanja wa John F. Kennedy ikiwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa nyingi. Ilizungushwa angani mara tatu, jumla saa moja na dakika 17, mafuta yakiteketea. Rubani msaidizi, Mauricio Klotz, ndiye aliyezungumza na waongoza ndege. Aliwaambia kwamba anadhani wanahitaji kupewa kipaumbele. Kwake, na kwa nahodha Laureano Caviedes aliyemsikiliza, maneno hayo yalibeba hatari yote. Kwa waongoza ndege wa New York, waliokuwa na msururu wa ndege zote zikitaka kutua mapema, kipaumbele halikuwa neno la kuzisogeza nyingine pembeni. Maneno yenye nguvu hiyo yalikuwa dharura na Mayday, na hayakutamkwa hata mara moja.

Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana kwa sababu ya upepo mkali uliobadilika ghafla karibu na ardhi. Walipokuwa wakipanda tena, Caviedes alimwambia Klotz awaambie kwamba wako kwenye dharura. Klotz akaita mnara, akarudia maagizo aliyopewa, na mwishoni kabisa akaongeza kwamba watajaribu tena na kwamba mafuta yanawaishia. Baadaye mwongoza ndege alimweleza kwamba atampeleka maili kama 15 kisha amrudishe, akamuuliza kama hilo linamfaa yeye na mafuta yake. Klotz akajibu kwamba anadhani hivyo, akashukuru.

Anayetoka katika utamaduni wa heshima kwa mwenye mamlaka atalielewa jibu hilo haraka kuliko mtu wa New York. Ukiulizwa na mkubwa kama jambo linakufaa, unajibu kwamba linakufaa, na unategemea yeye ajue. Mwongoza ndege hakujua. Alisikia sauti tulivu na shukrani. Dakika chache baadaye injini zilizimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka kwenye mteremko wa Cove Neck, Long Island. Haikuwaka moto, kwa kuwa haikuwa na mafuta ya kuwaka. Walikufa watu 73, Klotz na Caviedes wakiwamo, na 85 wakaokolewa, wengi wao wakiwa wameumia vibaya.

Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri iliwalaumu marubani kwa kutosimamia mafuta na kutotangaza dharura kabla mafuta hayajaisha. Iligusia pia ukosefu wa maneno sanifu, yanayoeleweka kwa wote, ya kueleza uhaba wa mafuta. Maneno hayo ya kimataifa yalipatikana mwaka 2012, miaka 22 baada ya Cove Neck: kiwango cha chini cha mafuta kwa ndege isiyoweza kucheleweshwa zaidi, na Mayday mara tatu ikifuatiwa na neno mafuta kwa ndege itakayotua na akiba pungufu. Rubani hahitaji tena kutafuta adabu ya kusema anakufa. Miaka 22 ni mingi mno kwa kanuni ya maneno machache kiasi hicho, na sijaona maelezo yanayoiridhisha nafsi.

Kilichoisukuma dunia kuhusu lugha yenyewe ni mgongano wa angani wa tarehe 12 Novemba 1996 juu ya Charkhi Dadri, karibu na Delhi, kati ya ndege ya Saudia na ya Kazakhstan Airlines. Ndege ya Kazakhstan ilishuka chini ya kimo ilichopewa. Humo, mazungumzo ya Kiingereza na mnara yalifanywa na mwendesha redio, na si na aliyeshika usukani. Walikufa watu wote 349. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaweka mizani ya madaraja sita ya Kiingereza cha redio. Tangu Machi 2008 rubani au mwongoza ndege wa safari za kimataifa hutakiwa kuwa na daraja la nne au zaidi. Sharti hilo linamhusu rubani wa Dar es Salaam, Entebbe au Kigali sawasawa na yule wa Seoul, na kwa watu wetu wanaojifunza kazi hii Soroti au Nairobi limekuwa sehemu ya kawaida ya leseni. Mwenye daraja la nne hupimwa upya kila miaka mitatu, wa tano kila miaka sita. Wa sita hapimwi tena.

Daraja la sita, kwa kawaida, ni la wale waliozaliwa na Kiingereza. Naona hapo pana pengo ambalo halijazibwa. Katika Avianca 52 waongoza ndege walikuwa Wamarekani wenye Kiingereza kamili, na hakuna mtihani ambao ungewapa chini ya sita. Kilichohitajika kwao ni kusikia neno kipaumbele, kupunguza kasi ya usemi wao, na kuuliza moja kwa moja: mna mafuta ya dakika ngapi? Mpaka sasa tunampima Mkolombia na Mtanzania kama anaweza kujieleza kwa Kiingereza, na hatumpimi Mmarekani kama anaweza kumuuliza mgeni swali hilo.